Risasi Tano na Pumziko

Siku yangu ya kwanza kazini hawakunipa bunduki. Walinipa kamba. Ajida wa depo, mzee mwenye kikohozi aliyechunga silaha za kambi ya polisi pale Masisi kabla yangu, alinionyesha namna ya kuifunga kwenye miti minne kuzunguka nyumba ndogo ya mabati, mbali na nyumba za wenzetu. "Ndani ya kamba hii moto hakuna, sigara hakuna, rafiki hakuna," akaniambia. "Kama unapenda watu, omba kazi ya barabarani." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Njo vile nilivyoanza kazi ya armirie, yaani mchunga silaha. Ninyi vijana mkiona pistole kiunoni mwa afisa mnadhani mambo yamekwisha. Hebu sikilizeni. Pistole bila kartushi nzuri ni nyundo tu, tena nyundo mbaya. Kartushi yenyewe ina vipande vinne: ganda la shaba, baruti iliyo ndani, risasi iliyo kichwani, na amorsi, kile kidonge cha kitakoni kinachogongwa ili baruti iwake. Ajida alinifundisha kuikagua kwa macho, kidole na pua, na nilipokosea alinirudisha mwanzo.

Wengi wanafikiri kartushi ya mazoezi ni makombo, ile ambayo huwezi kuitegemea kazini. Huo ni upumbavu. Ya mazoezi inapaswa kuwa na uzito uleule wa ile ya kazi, ili pistole iruke mkononi kwa namna ileile. "Usidanganye mukono," alisema Ajida. "Ukiuzoeza kitu ya mwepesi, siku ya kazi utashituka." Kichwa cha kartushi kiwe cha mviringo, kimefunikwa shaba, kwa sababu hakikwami kartushi inapopanda kuingia mtutuni na hakiachi mabaki ya madini laini ndani yake. Na kartushi zote za siku moja zitoke katika kundi moja la kiwanda, yaani zilizotengenezwa pamoja. Jambo hilo la mwisho nililishika kwa sababu niliambiwa. Maana yake niliielewa baadaye.

Kutoka hapo nilipelekwa Walikale. Mvua ya msitu ule haikuombi ruhusa. Inaingia ndani ya sanduku, ndani ya viatu, ndani ya mkate. Kartushi ziliota ukungu wa kijani, nami nikawa nazipangusa moja moja mchana kutwa bila muntu wa kunisalimia. Mke wangu, Mama Sifa, alikuwa amebaki Masisi na mashamba. Nilipika ndizi zangu, nikala, nikaosha sufuria moja na sahani moja. Nilikuwa nikizungumza na kufuli. Nawaambia wazi, sioni haya.

Kapiteni wa pale alitaka tumalize zile za kijani kwenye mazoezi. Nilikataa, akaamuru. Polisi wa tatu alipofyatua, badala ya mlio ikatoka "pfu", kama muntu anayezima taa kwa mdomo. Nikapiga kelele asimame. Tulipofungua pistole, risasi ilikuwa imekwama katikati ya mtutu. Angefyatua nyingine nyuma yake, mkono ungekwenda. Kapiteni aliutazama mtutu ule, akasema zitolewe zote. Tangu siku hiyo akaniita Papa Hapana, na jina hilo likanifuata hadi kituo cha mwisho.

Kituo hicho kilikuwa Nyabiondo, na huko Mama Sifa alikuja. Alilima maharagwe na mihogo mlimani juu ya kambi. Jioni alileta kikapu chake, akaketi nje ya kamba, mimi ndani, akawa anachambua maharagwe huku tunaongea. Hakuvuka kamba hata mara moja. Alinitania kwamba aliolewa na muntu anayefungwa kama mbuzi. Nawaambia, miaka ile sikuwa peke yangu, na mpaka leo najua tofauti yake.

Lakini Nyabiondo ilikuwa na shida yake. Katika vilima vile vya vita, mlio mmoja unatosha: godoro kichwani, mutoto mgongoni, kijiji kimekwisha kukimbia. Zoezi la kwanza lilitawanya watu siku tatu. Komanda, mkuu wetu, akaamua kwamba kila zoezi litangazwe makanisani Jumapili. Mimi nikaongeza langu. Kila polisi apige risasi tano, sawasawa, halafu pumziko refu. Na kartushi ziwe za kundi moja, kwa sababu kundi moja lina sauti moja. Ukichanganya nzito na nyepesi, kavu na zilizolowa, kwa mbali zinasikika kama pande mbili zinazojibizana, na watu watakimbia hata kama padri alitangaza. Hapo njo nilipomwelewa Ajida.

Mama Sifa alizijua sauti zile kuliko polisi wengine. Aliwafundisha wanawake wa shambani: tano, pumziko, endelea kulima. Wakazoea. Wakawa hawainui hata kichwa.

Jumapili moja tukatangaza zoezi la Jumanne. Jumanne asubuhi pikipiki ikaleta kartushi. Nikafungua sanduku: makundi matatu yamechanganywa, mengine yamelowa. Nikamwendea Komanda, nikamwambia hapana. Hakubisha. Zoezi likafutwa, na akatuma polisi wapite vijijini kuwaambia watu. Kuanza tulikuwa tumekutangaza makanisani. Namna ya kutangaza haraka kwamba hatuanzi, hakuna aliyekuwa ameiwaza.

Polisi wale hawakufika mbali. Milio ilianza upande wa juu, na haikuwa yetu. Watu wa bunduki walikuwa wameingia. Mlimani wanawake waliendelea kulima, kwa sababu ilikuwa Jumanne.

Yaliyofuata niliambiwa na Mama Furaha, jirani yetu, aliyekuwa na jembe mstari mmoja na mke wangu. Alisema Mama Sifa aliinua kichwa, akasikiliza, akangoja pumziko. Halikuja. Akasema, "Hizi haiko ya bwana yangu. Mukimbie." Wakaacha majembe wakashuka. Yeye hakushuka nao. Mashamba ya juu yalikuwa bado na watu walioinama, wanalima, wanaamini ni mimi. Akapanda kwenda kuwaambia.

Watu wa mashamba ya juu walishuka. Yeye tulimkuta kesho yake, karibu na kilele, katika maharagwe ya watu wengine.

Komanda alinishika bega akasema, "Papa, kartushi zile zilikuwa mbaya. Ulifanya kazi yako." Nilijua. Ningekataa tena zile kartushi hata leo. Kujua hivyo hakujanisaidia kulala upande wake wa kitanda.

Sasa nimestaafu, nakaa kijiji cha Kingi. Hapa hakuna kamba, lakini watu wakinitembelea wanasimama nje ya ua, kama vile ipo. Mama Furaha alihamia huku pia. Ananiletea sombe ya majani ya mihogo, anaweka bakuli juu ya jiwe, ananisalimia kwa heshima, anaondoka. Namwambia aingie. Anasema siku ingine.

Siku ambayo haondoki haraka ni siku milio inaposikika kutoka vilimani. Hapo wanakuja wengi, wamejaa nje ya ua, na yeye ndiye anayeuliza.

"Papa, hizo iko za mazoezi?"

"Hapana, mama. Mukimbie."

"Na wewe?"

"Mutangulie."

Wanakwenda na magodoro yao. Mimi navuta kiti mpaka mlangoni, nakaa, nahesabu milio kwa vidole. Tatu. Nne. Tano. Halafu nangoja pumziko.