Mikono ya Fundi wa Satini

Wifi yangu ni fundi wa magauni ya harusi na, tuseme ukweli, usafi wake unachosha. Mteja hagusi kitambaa kabla hajanawa. Chai hainywewi ndani ya chumba cha cherehani. Inanywewa barazani, hata mvua ikinyesha. Mimi ni dada wa mume wake, ndimi ninayemshonea vifungo na kumpigia pasi, na nimeshafukuzwa mle ndani mara nyingi kwa kosa la kutafuna biskuti karibu na meza. Wateja wanamwita Mama Doa, kwa sababu analiona doa hata pale ambapo halipo.

Yeye mwenyewe alikuwa akinawa kuliko daktari wa upasuaji. Kila akitoka kwenye mashine kwenda kwenye kitambaa cheupe, ananawa: sabuni ya mche, ile ya kufulia, maji ya moto yanayofuka mvuke, na jiwe la kusugulia miguu kwa ajili ya vidole, ili chaki na mafuta ya mashine yasibaki kwenye mistari ya ngozi. Kisha anajikwangua kwa taulo mpaka anakuwa mwekundu. Mafuta ya kupaka hakutaka hata kuyasikia.

"Tone moja kwenye satini, wifi, gauni limekufa," alikuwa akisema.

Na hapo alisema kweli.

Sasa ngozi yake tangu utotoni ni kavu na haina uvumilivu. Mwaka mmoja ikamchoka. Kwanza viganja vilipauka, halafu yakaja magamba madogo pembeni mwa kucha, halafu nyufa. Akishika chumvi, anaruka. Naye alipoona mikono inakwaruza, akaamua kwamba haijasuguliwa vya kutosha. Akazidisha jiwe.

Ndipo binti yake akaleta mchumba, na siku ya harusi ikapangwa. Tangu mtoto yule ana meno ya utotoni, mama yake alikuwa akimwambia, "Gauni lako nitalishona mimi, na hakuna mkono mwingine utakaoingia." Satini ikanunuliwa, tukaitandaza mezani. Wifi akapitisha kiganja kuinyoosha, na tukasikia kwaruu. Alipoinua mkono, uzi mwembamba ulikuwa umenasa kwenye ufa wa kidole gumba, ukavutika naye. Bahati ilikuwa pembeni kabisa, sehemu ya kukatwa. Akajaribu mkono wa pili. Kwaruu tena.

Aliikunja satini kwa ncha za kucha, akaketi.

"Ipelekeni kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara," akasema.

"Yule anayeshona magauni kama magunia ya viazi?"

"Huyo huyo. Ana mikono laini."

Akalia. Katika uwifi wetu tumetaniana, tumenuniana, tumerushiana maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, lakini kumwona analia juu ya kitambaa kuliniuma sana.

Nikamburuta kliniki. Muuguzi wa ngozi, mama mpole asiyeharakisha maneno, akamgeuza viganja huku na huku, akamuuliza anavyonawa. Wifi akaeleza kwa fahari, mpaka jiwe. Muuguzi akafumba macho kidogo.

"Mama, huu si uchafu," akasema. "Ngozi ina mafuta yake ya kujilinda, nawe unayaondoa kabla hayajarudi. Nawa kwa maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, na sabuni laini isiyo na manukato. Jiwe liache. Usijisugue na taulo, jibonyeze tu. Na ngozi ikiwa bado ina unyevu, paka mafuta mazito ya mgando. Yajaribu kwanza hapa ndani ya mkono, uone kama hayakuwashi. Nyufa zikivimba au zikitoa usaha, urudi upesi."

Wifi akaitikia ndiyo, ndiyo. Ninamjua, ilikuwa ndiyo ya kumridhisha mtu. Hata getini hatujafika, akageuka. "Mafuta? Mimi? Na satini?"

Kesho yake alikuja mteja kuchukua gauni la hariri. Wifi hamwachi mtu aondoke bila mawaidha ya ufuaji.

"Maji ya moto usithubutu," akamwambia. "Sabuni ya mche usiisogeze karibu. Usisugue, usikamue, ibonyeze ndani ya taulo, basi. Ukiitesa hariri inakakamaa, na hairudi ilivyokuwa."

Mimi nilikuwa pale na pasi mkononi, damu ikanipanda. Nikaitua pasi kwa kishindo.

"Wifi! Hebu yarudie hayo maneno ukiwa unaangalia mikono yako!"

Mteja akatazama dari. Wifi akanikata jicho, akafungua mdomo anijibu, kisha akatazama viganja vyake.

"Kinyozi hajinyoi," nikaendelea, bado nimewaka. "Gauni la watu unalionea huruma, ngozi yako unaifua kama dekio!"

"Na mafuta je?" akauliza kwa sauti ndogo. "Nitashonaje na mafuta mikononi?"

Hilo lilikuwa swali la haki, na muuguzi hakuwa ameulizwa. Mteja alipoondoka tukakaa tukalitafutia njia. Mafuta mazito yangoje jioni, cherehani ikishafunikwa, na juu yake avae glavu za pamba. Alizishona mwenyewe kwa vipande vilivyobaki, na pindo akalitia urembo, eti hata glavu za kukalia nyumbani zisimtie aibu. Mchana apake losheni nyepesi, kidogo, tukitoka kwenda kunywa chai. Akirudi, anabonyeza vidole kwenye kipande cha satini. Kikiacha alama, anangoja, kisipoacha, anashona. Kazi ya kuipaka mashine mafuta nikatwishwa mimi.

Alianza shingo upande. Kaka yangu alipomwona sebuleni na glavu nyeupe, akamwomba aongoze magari, akarushiwa mto. Wala ngozi haikupona kwa kufumba na kufumbua. Kuna siku mikono ilimwasha akatamani maji ya moto kama mlevi anavyotamani chupa, na akalitafuta lile jiwe nyumba nzima. Nilikuwa nimelitupa, na sijutii. Lakini pole pole magamba yakapungua, na nyufa zikaanza kufunga.

Asubuhi moja akaniita chumbani. Satini ilikuwa imetandazwa mezani.

"Njoo usikilize," akasema, akapitisha kiganja chote, kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. "Umesikia?"

"Sijasikia kitu."

"Ndicho hicho!"

Tukacheka mpaka tukashikana mbavu. Nilikuwa na furaha kana kwamba mikono ile ilikuwa yangu. Kisha akanifukuza mezani, akachukua mkasi, na nilipoona mkasi umeingia kwenye kitambaa bila kusita, nikashusha pumzi.

Siku ya kujaribu gauni binti alisimama mbele ya kioo, akageuka huku na huku. Lilimkaa vizuri, mabegani na kiunoni. Vifungo vya mgongoni nilitaka kuvifunga mimi, maana ndiyo kazi yangu, lakini mama yake akanisogeza kwa kiwiko, akavifunga kimoja kimoja. Alipomaliza, akaweka kiganja juu ya mgongo wa mwanawe, akakiteremsha taratibu juu ya satini, kutoka shingoni mpaka kiunoni. Akarudia.

"Kuna mkunjo, mama?" binti akauliza.

"Hakuna," akasema wifi, akapitisha mkono tena.