Kisanduku cha Kibiriti Nilichopeleka Labo

Mimi nilisoma miaka mitatu tu, tena kwa viboko. Kukausha samaki, kuchonga mutumbwi, kujenga nyumba ya matofali hapa Kashikishi baada ya kuvuka ziwa toka Kongo, vyote nilijifunza kwa mikono. Nilizoea kusema mutu wa makaratasi hana cha kunifundisha. Binti wa labo alinifundisha, na sioni haya kuandika.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Bibi yangu alikuwa na mimba ya miezi sita, viganja vyeupe kama tumbo la samaki. Alikula udongo kwa siri. Dada yake alikufa akizaa, akiwa mweupe vilevile. Kila nilipomutazama bibi yangu nilimuona yule marehemu.

Kliniki wakataka choo chake, kwenye kisanduku cha kibiriti. Mama mukwe akakataa. “Kitu cha mwenye mimba hakitoki nyumbani! Unataka kuwapa wachawi?”

Mimi niliyejiita shujaa, nikaogopa. Nikaweka changu.

Labo ilikuwa meza moja dirishani, na mikroskopi yenye kioo cha kuvuta mwanga wa jua. Binti akakamua choo kwenye wavu mudogo, akakipaka juu ya kipande cha kioo, akafunika na karatasi laini ya kijani, akatazama saa. Zamani visanduku vilipelekwa mbali, muji wa Mansa. Jibu linarudi, mutu ameshasahau aliumwa nini. Huyu alitaka nusu saa.

“Batata,” akaniita kwa heshima, yaani baba kwa lugha ya hapa, “musiende mbali. Mayai ya minyoo ya safura hayangoji. Nikichelewa yanapotea, sioni kitu.”

Akaangalia. Akaangalia tena.

“Batata, hiki ni cha nani?”

“Cha bibi yangu.”

“Mwenye hiki hana safura hata moja. Na mama mwenye mimba nilimuona juzi, macho yake hayana damu kabisa. Mimi nasoma mavi tangu asubuhi, batata. Musinidanganye.”

“Kumbe muzee ndiye ana mimba!” akasema muvuvi moja kwenye benchi. Walicheka mpaka nikatoka jasho.

Nikamueleza ukweli, mambo ya wachawi na yote. Hakunicheka. “Mumulete mama mukwe mwenyewe, na choo cha kweli. Nikimaliza, nachoma kila kitu mbele yake.”

Kesho yake mama mukwe alikaa pale, hatoi jicho kwenye kisanduku chenye choo cha bibi yangu. Nusu saa ikatimia. Binti akahesabu kwa midomo, muda murefu, kisha akamuita achungulie.

“Yesu! Ndiyo hawa wanakula mutoto wangu?”

“Hayo mayai tu, bamayo,” binti akamujibu, yaani mama. “ Wenyewe wako tumboni, wanakunywa damu.”

Akachoma vyote kwenye kopo, mpaka majivu. Siku ileile bibi yangu akameza dawa ya minyoo, na vidonge vya kuongeza damu akavimeza mpaka siku ya kuzaa.

Alizaa salama, mutoto wa kike. Wenye mimba wa mutaa wetu waliofuata, ni mama mukwe aliyewapeleka labo kwa mukono wake. Aliyekataa, alimuita mujinga mbele ya bwana yake.