Gamba la Kaa kwenye Mguu wa Mama

Mwanangu, sogea karibu. Iko siku moja haijanitoka kichwani, ya miaka ile ya foleni za sabuni, nilipokuwa dobi wa hospitali pale Kibaha.

Sabuni ilikuwa adimu, na dawa ya kung'arisha ndiyo usiseme. Mashuka yalibaki manjano hata uyachemshe vipi. Ndipo Mzee Elisante wa maabara, mtu wa milimani, mpole, alipoanza kuokota magamba ya kaa yaliyotupwa sokoni Dar es Salaam. Aliyaloweka kwenye asidi, akayachemsha kwenye magadi makali, mpaka nyama na chokaa vikatoka vyote. Chengachenga nyeupe zilizobaki aliziita kitosani. Akaziyeyusha kwenye siki, tukapitisha mashuka humo kwanza, na dawa kidogo tu ikatosha kuyang'arisha. Nilicheka kwa mshangao. Takataka za sokoni!

Uji uleule wa kitosani na siki akaumimina kwenye sahani, ukakauka ukawa utando mwembamba, naona vidole vyangu upande wa pili. "Utando huu, mwili haugombani nao," akasema. "Madaktari wameruhusu tuujaribu kwenye vidonda."

Mama yangu alikuwa wodini, ametoka kijijini kwetu Marui na kidonda cha mguu kisichopona. Kila bendeji ilipobanduliwa ilitoka na nyama, naye alishaapa hafungwi tena. Daktari naye alishataja kuukata mguu. Na ukoo wetu, mwanangu, hauli kaa. Ni mwiko wa tangu mababu.

"Hicho nini?" Mama akauliza tulipomfikishia utando kitandani.

Nikafungua mdomo niseme ni nailoni ya Ulaya. Mzee Elisante akanikazia macho. "Mwambie. Mguu ni wake, si wako."

Nikamwambia ni gamba la kaa. Mama akamgeukia yule mzee.

"Nitakula?"

"Hapana, mama. Utauvaa tu."

"Basi weka, baba. Mwiko wetu ni wa mdomo, mguu haumo."

Siku chache baadaye, wauguzi walipokuja kufungua kidonda, Mama aliuma khanga akisubiri maumivu. Hayakuja. Chini ya utando palikuwa na nyama mpya, nyekundu, safi. Mwili unaotema hata kijiti cha mwiba ulikuwa umelipokea gamba la kaa kama mgeni aliyepiga hodi! Nilisimama na beseni langu nikilia. Nilimwogopa Mungu siku ile kuliko siku yoyote kanisani. Mama alirudi Marui na miguu yake yote miwili.

Usilolijua ni usiku wa giza, mwanangu. Kabla hujakiita kitu takataka, uliza kwanza kinaweza nini. Na ukishika dawa ya mtu, usimfiche mwenye mwili, hata ukihofia atakataa. Mama angepona bila kujua, labda, lakini asingeniamini tena.

Mungu akupe mikono ya kuponya na ulimi usioogopa kweli. Na siku ya kuuguzwa wewe ikifika, akujalie mtu wa kukwambia ukweli.