Mkono Kwenye Maji ya Siki

Juzi nilimwaga siki jikoni, na harufu yake ikanirudisha kwenye bafu la shangazi yangu kule Kisian, alikotengenezea picha zake za buluu, zile zinazochapwa kwa jua kwenye karatasi iliyopakwa dawa.

Mchana ule aliziba dirisha kwa blanketi, akaniambia nijifungie humo na karatasi zake.

"Zilinde, Atieno. Usifungue hiyo mlango. Jua ikiingia, zote zinaharibika."

Nilisukuma komeo, nikakaa juu ya ndoo gizani, siki ikiniwasha macho. Nikasikia pikipiki ikiwashwa nje. Kisha mama akagonga mlango mara moja, polepole.

"Atieno?"

Sikufungua. Nilikuwa mlinzi.

Baadaye shangazi alibisha, nikamfungulia. Alishika karatasi iliyotoka juani, akaizamisha kwenye beseni la maji yenye siki. Buluu ikatokea taratibu, na katikati yake mkono mweupe, kidole kimoja kimepinda. Nikaujua: ulikuwa wa mama.

"Mama ako wapi?"

"Ameenda Saudia, kazi. Amekuachia hii."

Siku hizi najua karatasi zile zilikuwa salama ndani ya kabati la bafuni, hata mlango ungefunguliwa. Waliogopa tu kwamba ningeikimbilia pikipiki iliyombeba mama. Lakini komeo lilikuwa upande wangu.