Gauni la Miaka Kumi

Pasi ya mkaa ikigusa kitambaa kipya cha pamba hutoa harufu ya wanga ulioungua kidogo, na mimi hasira hunipanda kabla sijajua kwa nini. Nina chumba changu cha ushonaji hapa Korogwe na pasi hiyo naishika kila siku, lakini na harufu ile hatujapatana. Nisikilizeni, wenzangu. Kisa chenyewe ni cha gauni tu, ila mimi sikukiona kidogo wakati ule na sikioni kidogo leo.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Misima. Nyumba zilipangwa kwa mstari, shamba lilikuwa la wote, na cherehani ya kijiji, ile ya kuzungusha kwa mkono, ilikaa ghalani pamoja na magunia ya mahindi. Nguo zetu zote zilitoka pale zikinuka pumba. Mwaka huo shule yetu iliitwa kucheza halaiki Handeni mjini siku ya Saba Saba. Tungepanda lori! Mimi lori nilikuwa nikiliona linapita tu na kutuachia vumbi. Kila msichana alitakiwa kuwa na gauni la kijani, na mwalimu alisema wazi kwamba ambaye gauni halitamkaa vizuri atabaki kijijini kupukuchua mahindi.

Kitambaa kililetwa na afisa maendeleo, mwanamke mwembamba kutoka wilayani aliyekuja na mkoba wa ngozi na maneno mengi. Alileta pia karatasi tatu za kukatia. Moja iliandikwa miaka saba na minane, ya pili tisa na kumi, ya tatu kumi na moja na kumi na miwili. Unaitandaza karatasi juu ya kitambaa, unaizungushia chaki, unakata. Kumpima mtoto mwenyewe hakukuwamo.

Jambo hilo liliwapendeza wazee wetu mno. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na msimamo wake: kamba hapitishiwi mtu anayepumua. Kamba anapimiwa marehemu, wachimbaji wajue kaburi liwe refu kiasi gani. Mama yangu alikulia Ngombezi, kwenye kambi za wakata mkonge, na huko kamba ilikuwa ya kila kazi. Nilipokuwa mdogo aliwahi kunizungushia kamba kifuani anishonee kanzu. Bibi aliinyakua akaitia motoni, akamwambia, "Mkaza mwanangu, ukitaka kumzika huyu nizike mimi kwanza." Tangu hapo Mama hakunipima tena.

Sasa mimi, kwenye daftari la shule, nilikuwa na miaka kumi. Mwili wangu haukuonyeshwa daftari hilo. Nilikuwa na mabega ya mtu wa kubeba mizigo, na wasichana wenzangu waliniita Gunia. Nilikuwa nacheka nao, lakini jina lile liliniuma sana.

Mama ndiye aliyepewa kazi ya kukata, kwa kuwa mkono wake haukutetemeka. Ilipofika zamu yangu alisema kwa sauti ya chini, "Huyu wangu naomba nimkatie ile kubwa."

"Ana miaka mingapi?" afisa akauliza.

"Kumi."

"Basi kumi. Tukianza kupendeleana kitambaa hakitatosha. Hapa sote ni sawa."

Mwanamke mmoja akadakia kutoka nyuma ya magunia, "Hao wa Ngombezi wamezoea kujipakulia." Wenzake wakacheka. Mama akasema, "Haya." Neno hilo tu. Nilitamani ardhi ipasuke, na nilitamani immeze Mama kwanza.

Siku ya kujaribisha magauni yalitoka kwenye pasi ya mkaa yakinuka wanga, nasi tukapangwa ghalani, wanawake wa kikundi cha kushona wakiwa wamekaa wanatutazama, na Bibi akiwa mkekani mlangoni. Gauni langu lilipita kichwani, likakwama mabegani. Wanawake wawili walilivuta chini mpaka likaingia.

"Vuta tumbo ndani, mwanangu," mmoja akaniambia. "Na usipumue sana."

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka halaiki iishe."

Ghala zima lilicheka. Afisa akatikisa kichwa. "Mtoto huyu apunguze ugali. Karatasi hizi zimepimwa na wataalamu."

Nilimtazama Mama. Alikuwa na pini mdomoni, ameinamisha macho. Hapo, jamani, uvumilivu ukaniisha. Ugali wenyewe niupunguze wapi, wakati tulikula mara moja kwa siku? Nikanyanyua mikono yote miwili, nikavuta pumzi mpaka mwisho. Mshono ukaachia kutoka kwapani hadi kiunoni, kulia na kushoto.

"Gauni ndilo dogo," nikasema. "Mimi si mkubwa."

"Umeharibu mali ya kijiji!" afisa akapiga kelele. "Mama yake atakwenda mbele ya kamati!"

Mama alitoa pini mdomoni, akapiga magoti, akageuza gauni ubavuni. "Halijaharibika," akasema. "Kumbe kitambaa kipo ndani." Kweli, kila upande kulikuwa na ziada ya vidole vinne iliyokunjwa ndani ya mshono. "Ni bahati tu," akaongeza. Bibi alijikokota kutoka mkekani, akaishika ziada ile, akamtazama mkwewe. Kisha akamgeukia afisa. "Bibie, mtoto atakwenda. Mwacheni mama yake ashone."

Gauni lilipoachiwa ile ziada ya ndani lilinikaa sawasawa. Handeni mjini, afisa alitaka nisimame mstari wa nyuma, maana alama za mshono wa zamani zilionekana ubavuni. Sikwenda nyuma. Nilisimama mbele na nikarusha mikono juu kuliko wote.

Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hiki kama ushujaa wangu. Kisha nikajifunza kushona, na mwalimu wangu wa ufundi akanifundisha kwamba mshono ulioshonwa vizuri hauachii kwa pumzi ya mtoto. Kitambaa ndicho kingechanika kwanza. Cha kwangu hakikuchanika hata uzi mmoja. Na karatasi zile hazikuacha vidole vinne popote, maana nilikuwa nimeziona kwa macho yangu.

Nikapanda basi kwenda kwa Mama kumuuliza. Alikuwa amezeeka, anapepeta mchele uani, na hakuacha kupepeta.

"Nilikuwa nakupima kwa shubiri nikikuogesha," akasema. "Bibi yako alikataza kamba. Mikono hakuikataza."

"Na uzi?"

"Niliulegeza. La kwako nililikata na kulishona mwisho, wenzangu wamekwenda kuswali."

Nilicheka, nikamwambia kumbe tuliwashinda wote. Yeye hakucheka. Aliweka ungo chini.

"Ungenyamaza, mwanangu, ungekwenda na gauni lile lile likikubana, na mimi nisingesema neno. Pale nilikuwa mtu wa kuja. Nilikuwa na watoto wanne, na kwetu hakukuwa na wa kunipokea. Niliyoyaweza ni yale ya uzi. Ya kupumua yalikuwa juu yako."

Mwezi mzima baada ya siku ile ya ghalani nilikuwa nimekataa kukaa naye jikoni, kwa sababu ya "haya" yake. Alinipikia, akaniogesha, na hakujitetea hata mara moja. Moyoni nilimwita mwoga, na hilo ndilo ninaloliona aibu, wala si gauni lililopasuka. Leo mtu akija kwangu na karatasi yake ya kukatia, akaniambia mtoto wake amepita saizi, namwambia aiweke mezani na amlete mtoto. Na mtu akinisimulia habari za mama zetu wa miaka ile, kwamba walikuwa wakisema haya kwa kila kitu, namwambia anyamaze.