Mlumbi wa Lango la Harusi na Siku Aliyovua Kofia

Saa mbili asubuhi, matari yananyamaza katika kichochoro cha Condet, Jakarta. Sarmili Naih, kofia nyeusi imeinama upande, anasimama mbele ya lango la bibi harusi. Msemaji wa upande wa pili anamdaka.

“Babu, umebaki na meno mangapi?”

“Yanatosha kukutafuna wewe!”

Watu wanaangua kicheko. Kwa zaidi ya miaka thelathini hii ndiyo kazi yake: kulumbana kwa niaba ya bwana harusi mpaka lango lifunguliwe.

“Zamani hapa palikuwa bustani za matunda ya salak tupu,” anasema baadaye, akipuliza kahawa. “Harusi ilinukia matunda na moshi wa fataki. Siku hizi ni gereji za pikipiki.”

Lango asilolisahau ni la Haji Mugeni, siku alipomwoza binti yake. Siku hiyo Sarmili, kijana mwenye ulimi wa wembe, alimrushia mzee tungo:

“Nyama ya mbuzi, wali wa nazi,
Paka wa jirani kalala jikoni;
Shamba kauza, hana kazi,
Kabaki na lango, analinda nini?”

Hakuna aliyecheka. Mzee aliuza shamba ili amtibu mkewe, na mke akafa hata hivyo. Sarmili hakuwa na habari.

“Harusi hakuna!” Haji Mugeni akabana komeo.

“Mjibu, kaka!” wenzake wakamchochea. “Utakubali kufungiwa?”

Majibu alikuwa nayo tele. Lakini ndani alimsikia bibi harusi akilia. Akavua kofia, akachuchumaa langoni.

“Baba Haji, mimi nilikuja kushinda. Bwana harusi huyu amekuja kuomba. Nichape mimi, yeye mfungulie. Nakusihi, Baba.”

Nyuma ya lango mzee akasogea karibu.

“Mama wa binti yangu alipenda sana shamrashamra za harusi,” sauti ya mzee ikasema.

“Ndiyo, Baba.”

“Basi mbona matari yamenyamaza?”

Komeo likafunguliwa.

“Ukilumbana, unataka mwenzio aishiwe maneno,” anasema Sarmili, macho yamelowa. “Ukisihi, unangoja neno lake moja tu. Lile la Haji Mugeni bado nalisikia.”

Baada ya Idi anatarajia kumposea mwanawe wa mwisho, Dulhadi. Binti ni wa Jaelani, mlumbi aliyetaniana naye malangoni tangu ujana.

“Nimeshamwita yule mtu kenge, nikamwita debe tupu,” anacheka, kisha anaweka kahawa chini. “Kwake nitakwenda na mama Dulhadi, nivue viatu, niombe. Akitaka kunitukana kwanza, atukane. Ana haki yake.”