Mkewe Hakuwahi Kuulizwa

Fundi makochi alikuwa na mazoea ya kuhubiri huku amebana misumari midomoni, na wateja walishazoea kuisikia dini ikitokea upande mmoja wa mdomo. Kwa imani, mzee yule hakuwa na utani. Akitaka mfano wa mwamini hakwenda mbali: alimtaja mkewe, aliyebadili dini wakati wa kuolewa, na ambaye sasa ndiye huwaamsha wote nyumbani kwa sala ya alfajiri.

Kwa hiyo kitindamimba wao wa kiume alipomleta mchumba wa dini nyingine, fundi hakuumiza kichwa.

"Utabadili tu, mwanangu," alimwambia binti kwa upole. "Muulize mama mkwe wako. Alibadili, na muone alivyo leo."

Mkewe alikuwa akimimina chai. Akaweka birika chini.

"Muulize kwanza kama anataka."

"Atakosaje kutaka? Wewe si ulitaka?"

"Mimi? Baba watoto, mimi nani aliniuliza? Nilikutaka wewe. Nikaambiwa bwana huyu anakuja na dini yake, nikapokea vyote."

Fundi akacheka, akidhani ni mzaha. Hakuna aliyecheka naye. Alfajiri zote zile! Mwanamke huyu huyu, anayemsahihisha yeye akikosea aya!

"Basi nakuuliza leo," alisema hatimaye. "Unaamini?"

Alitegemea ndiyo ya haraka haraka. Mkewe akanyamaza, akawaza kweli kweli, na kimya kile kikamtia fundi hofu kuliko jibu lolote.

"Sijui, mume wangu. Kuna siku naomba na nahisi nasikilizwa. Kuna siku nakuamsha tu. Niache nifikirie."

"Na ibada ya jioni?"

"Wewe tangulia. Nikija, nitakuwa nimekuja mwenyewe."

Neno moja tu la ukali lingetosha. Mkewe angejitanda mtandio wake akamfuata, kama siku zote. Fundi alilijua hilo, na kulijua kulimtisha. Akalimeza lile neno, akaenda peke yake, akaacha nafasi tupu kando yake.

Sala zikaanza. Na yeye, ambaye hakuwahi kugeuza shingo ibadani, akawa anageuka kila mlango ulipolia.